Skrubu Chini ya Meza

Jumanne, 4 Machi

Nimekimbia usaili. Acha niandike hivyohivyo bila kulipamba. Nimekimbia!

Duka lile kubwa la miwani, ghorofani, zulia kila mahali. Waliokaa mbele yangu wawili: mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya upole, na bwana mmoja anayebonyezabonyeza kalamu yake. Mama akasema karibu, hebu tueleze kidogo kuhusu wewe. Swali jepesi kuliko yote. Nikafungua mdomo — hewa tu. Ulimi umenata kama stempu. Miaka yote hii nimekata lenzi kwa mikono hii, na hata neno lenyewe "lenzi" sikulikumbuka. Nikasema naomba nikanywe maji kidogo. Wakasema bila shaka. Nikatoka. Nikayapita maji, nikaupita mlango, nikashuka ngazi, nikajikuta barabarani natembea kama mtu anayefukuzwa.

Nyumbani ndipo nikagundua: miwani yangu nimeiacha juu ya meza yao. Fundi wa miwani kasahau miwani kwenye duka la miwani! Ningesimuliwa habari hii ya mtu mwingine ningecheka mpaka mbavu ziume.

Kaka aliporudi kazini aliuliza imekwendaje. Nikasema, "Hivyohivyo tu." Akaniangalia, akaenda kuoga. Wifi hakuuliza chochote. Aliniwekea chakula, akakifunika. Naandika nikiwa nimelisogeza daftari mbali mpaka mkono umeishia, na bado herufi zinacheza.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kuchukua miwani. Kumbe aibu ya kukimbia ni ndogo. Ya kurudi ndiyo yenyewe.

Nilipanga nisimame chini, mlinzi aniletee. Akasema dada, mimi mlango siuachi, panda mwenyewe. Nikapanda. Na nani kanipokea? Yuleyule mama wa jana! Nikaangalia zulia. Akavuta droo, akaitoa miwani yangu. Ameisafisha. Tena ule mguu wake uliokuwa umepinda tangu mwaka jana ameunyoosha — mguu ambao mimi fundi nimekuwa nikisema nitaunyoosha kesho.

"Natumaini hukasiriki kwamba nimeigusa," akasema.

Nikamwambia samahani kwa jana.

"Mwenzangu, mimi usaili wangu wa kwanza nilitapika. Ndani ya chungu cha maua cha watu."

Alisema hivyo uso mkavu kabisa. Kisha akaangua kicheko, nami nikaangua, tukacheka mpaka yule bwana wa kalamu akachungulia.

Nafasi ya kwao imeshapata mtu. Lakini akaniambia hospitali ya macho wanatafuta fundi wa karakana yao ya miwani, tangazo liko kwenye ubao wa nje, niwahi. Akaongeza jambo moja, nalo naliandika hapa: ukikwama, sema umekwama. Watu wataweza kukusubiri, ila hawataweza kukufuata kwenye ngazi.

Hanijui, simjui. Alikuwa na haki ya kunicheka na kunifungia mlango. Badala yake kanitengenezea miwani na kunionyesha kazi. Kuna watu!

Jumatatu, 10 Machi

Barua ya maombi imeshakwenda. Sasa kungoja.

Leo asubuhi nilikuwa macho ila nimefumba. Nalala sebuleni kwa kaka na wifi tangu Mzee alipofunga duka. Mzee ndiye aliyenifundisha kazi — na yaliyomshinda ni macho yake mwenyewe, maskini, sasa yuko kwa binti yake mbali huko. Basi nikiwa nimefumba nikamsikia kaka anapita kuelekea mlangoni. Ananyata. Nikafumbua jicho moja: viatu kavishika mkononi! Ananyata kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe, akavivalie nje, eti nisiamke. Kumbe kila siku ni hivyo. Nami kila siku nilikuwa namlaani moyoni kwamba hata kuniaga haniagi.

Jana kasema ikishindikana huko, mwisho wa mwezi niende nikapokee simu kwenye gereji yake ya matairi. Kasema kwa wema, najua. Nikamwambia ahsante kaka, na nilimaanisha. Lakini naitaka kazi yangu. Nataka kushika fremu tena. Na nataka kaka avae viatu vyake chumbani kwake kama watu wengine.

Ijumaa, 14 Machi

Hospitali wameniita! Usaili Jumatano ijayo, asubuhi. Nimefurahi kwa muda wa kufunga simu tu. Hapohapo hofu ikarudi.

Jumamosi, 15 Machi

Lazima niandike haya kabla sijayasahau.

Wifi ni msusi, saluni yake ni chumba cha mbele. Leo mchana kaniita nimshikie uzi. Nafika — kiti kimewekwa katikati ya chumba, na wateja watatu wamepangwa mbele yake. Mmoja kasukwa nusu kichwa, nusu nyingine imesimama kama kichaka. Wa pili ana rangi kichwani na mfuko wa nailoni juu yake. Wa tatu yuko chini ya drai ya kukaushia nywele, hasikii kitu duniani.

"Kaa," wifi akasema. "Hawa ndio mabosi zako."

Nikasema wifi, utani gani huu. Akasema utani utauona Jumatano. Nikakaa.

Nusu Kichwa akajikohoza kama mkurugenzi. "Kwa nini tukuajiri wewe?"

Nikaanza: samahani, mimi sina cheti kikubwa sana, na pia nimekaa nyumbani muda — Wifi akagonga kitana kwenye kioo, pwaa! "Hujaulizwa makosa, umeulizwa kazi!"

Nikaanza upya. Wa drai akapaza sauti: "ANASEMAJE?"

Nikarudia kwa sauti.

"ANASEMA NINI HUYO?"

Nikarudia tena. Na ajabu ni hii: kila nilipomrudia yule mama wa drai, jibu lilipungua maneno na kuongezeka akili. Huwezi kubabaika ukiwa unapiga kelele. Mara ya mwisho likatoka jibu ambalo hata mimi sikulijua: "Mtu akivaa miwani niliyomtengenezea, najua imemkaa sawa kabla hajasema. Uso wake unalegea."

Mkono wa wifi ulisimama. Mwenye mfuko wa nailoni akasema basi na mie niangalizie miwani yangu hii, inanipanda mpaka kwenye nyusi. Nikaiangalia palepale, nikamkunjia vizuri nyuma ya masikio.

"Nimekuajiri," akasema Nusu Kichwa. "Sasa nimalizieni kichwa changu, nina harusi!"

Wifi hajawahi kuniambia kwamba anataka nipate. Leo hakuhitaji kusema.

Jumatano, 19 Machi

Nimerudi. Sikukimbia. Mengine yote yameharibika, au hayajaharibika, sijui. Ngoja niyapange.

Asubuhi wifi kanipigia pasi blauzi, kaka kanipeleka na pikapu ya gereji. Njia nzima alipita polepole kwenye kila tuta kana kwamba nimebeba mayai.

Kwenye korido ya kungojea nilimkuta kijana mmoja mwenye tai fupi iliyoishia juu ya kitovu. Midomo inacheza, anakariri. Akaniona nimebana mikono magotini. Akanipa pipi ya mnanaa. "Dada, na wewe inatetemeka?" Nikamwonyesha. Akanionyesha ya kwake. Tukashindana nani anatetemeka zaidi — kanishinda. Kazi ni moja na sisi tuko wengi, lakini nilipoitwa aliniambia nenda dada, Mungu akutangulie. Kwa moyo wote.

Chumbani wamo watatu. Daktari mkuu, mwanamke mwenye hereni kubwa. Bwana wa utumishi na kompyuta yake, kijana bado. Na fundi mkuu wa karakana, mfupi, mwenye mashavu kama anayetaka kucheka wakati wowote.

Kosa la kwanza: nilikaa upande wao. Naam! Kulikuwa na kiti kitupu kando ya bwana wa utumishi, nikakivuta, nikaketi, nikaweka mikono mezani. Watu wanne tumeangalia kiti cha mbele ambacho hakina mtu. Daktari akasema taratibu, "Karibu sana. Sasa tumsaili nani?"

Nikahama, masikio yanawaka moto.

Kosa la pili: kwa kuchanganyikiwa nikawaamkia wote shikamoo, mpaka yule bwana wa utumishi ambaye ningeweza kuwa shangazi yake. Na yeye, bila kufikiri, "Marahaba!" Kisha akajishika mdomo. Fundi mkuu akainamisha uso kwenye karatasi zake, mabega yanatikisika.

Halafu likaja. Tueleze kidogo kuhusu wewe.

Hewa. Ulimi, stempu. Nikauona mlango kwa pembe ya jicho, uko karibu kabisa. Nikasema, "Nimekwama. Naomba nitulie kidogo."

Basi! Hakuna kilichotokea. Dari haikuanguka. Daktari akasema tulia mama, hatuna haraka. Fundi mkuu akanisogezea glasi ya maji, nikayanywa yote, mbele yao, nikisikia yanavyoshuka. Kisha nikaanzia katikati: nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa akisema uso wa mtu haufanani na uso wa mtu. Kutoka hapo maneno yakajiendea yenyewe.

Kosa la tatu ndilo baya. Wakauliza: mteja kachukua miwani mipya, karudi, anasema kichwa kinamuuma na sakafu anaiona imeinama. Utafanyaje? Nami, kwa furaha ya kuwa mdomo umefunguka, nikajibu mbio: nitamwambia aivae siku chache, ataizoea. Wakaandika. Wakaendelea.

Nilikuwa nimeshafika kwenye swali la kufanya kazi na wenzangu, naeleza vizuri tu, ndipo likanichoma kifuani. Ataizoea? Mzee angenitoa nje ya duka! Kabla ya kumwambia mtu azoee unapima. Huenda umekosea wewe.

Nikanyamaza katikati ya sentensi. Nikawaza: wameshapita, usilifukue. Halafu nikamwaza huyo mteja, ambaye hayupo wala hajazaliwa, anatembea na sakafu iliyoinama.

"Samahani," nikasema. "Naomba turudi nyuma. Lile la mteja wa kichwa nimelijibu vibaya."

Bwana wa utumishi akatupa jicho saa ya ukutani. Tumeshalipita lile, akasema, kwa adabu.

"Mwache arudi," akasema daktari.

Nikarudi. Nikasema kwanza ningemkalisha nimsikilize. Ningeipima lenzi nione kama inalingana na alichoandika daktari. Ningeangalia upya kama katikati ya lenzi pamekaa mbele ya mboni yake. Nikikuta nimekosea, nitamwambia nimekosea, nimtengenezee nyingine. Kuzoea ni neno la mwisho. Fundi mkuu aliandika kitu kirefu. Mashavu hayakucheka. Sijui aliandika nini na nitakufa nikitaka kujua.

Nikadhani yameisha. Wakaleta trei: fremu iliyotoka mguu, bisibisi, kibanio, skrubu. Irudishie mguu. Kazi ninayoweza kuifanya nikisinzia!

Skrubu za miwani ni ndogo kama punje ya ufuta. Nikaibana kwa kibanio, mkono ukatetemeka — ting! Ikaruka. Tukaisikia ikigonga mahali, kisha kimya.

"Imeruka," nikasema. "Tafadhalini, asisogeze mtu mguu!"

Nimemwamuru daktari mkuu! Na katii. Wote watatu waliganda kama picha. Nikapiga magoti nikaanza kupapasa sakafu. Mara nikaona magoti mengine yanashuka: fundi mkuu. Mara daktari kavua viatu, huyo chini, hereni zinaning'inia. Mwishowe bwana wa utumishi na tochi ya simu. Watu wazima wanne chini ya meza, vichwa chini, makalio juu, hakuna anayepumua. Hapo mlango ukafunguka — mhudumu na birika la chai.

"Jamani! Kuna nini?"

"Usikanyage!" tukapiga kelele sote kwa pamoja.

Daktari ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa sakafuni kabisa. Skrubu tuliikuta kwenye pindo la suruali ya bwana wa utumishi. Ilibidi asimame kwa mguu mmoja kama korongo huku ameshika meza, mimi namchomolea. Nikawaambia kosa langu: nilipaswa kutandika kitambaa kwanza, ili ikianguka isiruke. Nikatandika leso yangu. Nikabana. Ikaingia. Nikakaza mara moja, ikatulia.

Mikono haikuwa ikitetemeka tena. Labda kwa sababu hakukuwa na aibu iliyobaki ya kuiogopa. Zote nilikuwa nimezimaliza!

Wakauliza kama nina swali. Nikasema sina swali, nina ombi: aliye nje anatetemeka kunishinda mimi, mpeni maji kabla hajaomba.

Kwenye korido yule kijana akaruka, kukoje humo? Nikamwambia ni watu. Ukiangusha kitu watakusaidia kukitafuta.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeamka nimejikunja kwa aibu. Kiti! Marahaba! Nikamsimulia wifi, amecheka mpaka kamchoma mteja kwa kitana. Sasa kila mtu humu ndani ananiamkia shikamoo, hata kaka, mkubwa wangu.

Sijui kama nitapata. Lakini nikiwahesabu walioninyanyua mwezi huu, naona sikuwa peke yangu hata siku moja. Hata yule wa drai.

Jumatatu, 24 Machi

Wamepiga! Daktari mwenyewe. Hawajaamua. Wamebaki na watu wawili, wanataka kila mmoja afanye kazi siku nzima karakanani wamwone. Mimi Alhamisi, mwenzangu Ijumaa. Nikauliza ana tai fupi? Akacheka, akasema siruhusiwi kusema, ila ndiyo.

Nimefurahi kwamba ni yeye. Na nimeogopa kwamba ni yeye. Yote mawili kwa mara moja.

Nimemwambia kaka. Akatoka nje. Nikasikia maji. Nikachungulia: anaosha pikapu, mpaka matairi anayasugua. Nikauliza ya nini jioni hii? "Alhamisi si nakupeleka?" Nikarudi ndani nikalia kidogo, kilio kizuri.

Alhamisi, 27 Machi

Naandika kwenye benchi nyuma ya karakana. Ni mapumziko ya chakula, ila siwezi kula.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Harufu ileile ya lenzi ikikatwa, maji na vumbi jeupe — nilitaka kuikumbatia mashine. Nimekaza miguu ya fremu, nimekata jozi kadhaa, nimemfundisha mzee mmoja kuvua miwani kwa mikono miwili. Fundi mkuu anapitapita nyuma yangu, haongei.

Halafu yupo bibi mmoja, mshonaji mstaafu, aliyefanyiwa upasuaji wa jicho. Amengoja muda mrefu lipone. Anataka kutunga uzi kwenye sindano mwenyewe bila kumwomba jirani. Nikampima, nikamwahidi miwani mchana huu.

Na nimeigeuza. Lenzi ya jicho la kulia nimeikata kwa umbo la kushoto. Nilijua nilipoipima kabla ya kuivalisha kwenye fremu. Sikuamini, nikapima tena. Nimeigeuza. Siku ya majaribio! Fundi mkuu alikuwa amekwenda kula, hakuna aliyeona. Pipa la takataka liko palepale miguuni pangu.

Nikaichukua nikamfuata alipokaa. "Nimekosea. Ya kulia nimeikata kwa kushoto."

Akaacha kutafuna. "Umejuaje?"

"Nimepima kabla ya kuivalisha."

Akaitazama lenzi kwenye mwanga, akaishusha, akaiinua tena. "Ya namba hiyo imebaki moja tu," akasema. Akanipa ufunguo wa kabati. Hakukasirika, hakutabasamu, akarudi kwenye sahani yake. Nimejaribu kuusoma uso ule, nimeshindwa. Kesho ni siku ya kijana, na huenda yeye hatageuza chochote. Akipata, nitamtafuta nimpongeze, nimeshaamua.

Nikaenda kumwambia bibi atachelewa, na kwa nini. Kwamba ni mimi. Akanitazama kwa jicho lake moja zima.

"Wewe ndiye umekosea, na wewe ndiye unaniambia?"

"Ndiyo bibi."

"Basi sogea nikae."

Ndiyo tumekaa. Benchi ni fupi, bega lake liko kwenye bega langu. Lenzi ya mwisho iko kwenye mashine, nyuma ya mlango, nasikia inavyozunguka. Safari hii nimeikagua, nikaikagua, nikamwomba na fundi mkuu aikague kabla sijabonyeza. Kasema tu: bonyeza. Bibi ananiuliza naandika nini. Nimemwambia, nawaandika walionitendea wema. Akauliza kama naye yumo. Nikamwambia ndiye ninayemwandika sasa hivi. Kafurahi, katengeneza kilemba kana kwamba napiga picha.

Mashine imenyamaza.

Bibi ameninyooshea mkono nimwinue. Twende, anasema, tukaione —